Baba hajanisalimia wiki ya tatu sasa tangu nikate mikahawa yake. Nishaurini

MwanaKihamba

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine habari za usiku. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu. Jambo hili nikilifupisha, ama mimi nitaonekana mhuni ama baba ataonekana mzee katili, na hakuna kati yetu aliye hivyo.

Mimi ni kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita, Kibosho, Moshi Vijijini. Nina miaka 34. Anayejua mila zetu Wachaga anaelewa maana yake. Kaka mkubwa akioa anapewa kihamba chake, yaani shamba la ukoo la kuzunguka nyumba, wa katikati wanajitafutia, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi. Anawatunza, na siku wakifumba macho kihamba kinakuwa chake. Nimeambiwa "hapa ni kwako" tangu nina miaka sita. Babu aliniambia, mama aliniambia, hata ndugu waliokuja Krismasi walikuwa wananishika kichwa wanasema mwenye mji ndiye huyu.

Mwaka 2019 mama alifariki. Nilikuwa Dar es Salaam, naishi Tabata, nafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Baada ya matanga tukakaa kikao, wakubwa wakasema baba hawezi kubaki peke yake na wa kurudi ni mimi. Nikarudi. Sikulazimishwa na sijutii. Najua kupika mtori anaoupenda, najua dawa yake ya presha ni ipi ya asubuhi na ipi ya jioni, najua akikohoa mara mbili usiku anataka maji na akikohoa mfululizo niamke.

Kihamba chenyewe ni kama ekari moja na nusu. Juu migomba, chini yake mikahawa, magimbi kandokando ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji, miti miwili ya mringaringa, ng'ombe wawili zizini. Mikahawa iko kama 240. Mingi aliipanda babu, mingine baba akiwa kijana. Msimu uliopita yote hiyo ilitupa kilo 61 za kahawa ya maganda. Nilisimama mwenyewe mbele ya mizani ya chama cha msingi cha ushirika, nikamwomba karani apime tena, ikaja ileile. Punje zinageuka nyeusi zikiwa bado mbichi na kudondoka, ndiyo chulebuni hiyo, na majani yana unga wa kutu chini yake. Baba akipata fedha anapiga mrututu, dawa ya ukungu, kwa bomba lake la shaba alilonunua kabla sijazaliwa. Asipopata hapigi.

Miaka minne namwomba. Wa kwanza niliomba mistari miwili tu nipande miche mipya ya Lyamungo, ile inayohimili chulebuni. Akasema tutaona. Wa pili nikaomba sehemu ya parachichi, maana jirani yetu wa chini anauza na gari linamfuata hadi getini. Akasema subiri. Wa tatu nikakaa na daftari nikaandika hesabu zote, miche, mbolea, miaka mitatu ya kungoja, nikamsomea jioni baada ya chakula. Alinisikiliza vizuri kabisa, halafu akasema: "Nikifa utafanya unavyotaka."

Tangu hapo hilo ndilo jibu la kila kitu. Bati linavuja: nikifa. Ng'ombe mmoja kazeeka hatoi maziwa, tumuuze: nikifa. Nataka kuoa, naomba tuongeze chumba upande wa jikoni: nikifa.

Wakuu, mnajua maana ya kujibiwa hivyo kila wiki na mtu unayempenda? Kila ninachopanga, naanza kukihesabu kuanzia siku ya msiba wake. Usiku mmoja nilijikuta kitandani nahesabu kwamba baba ana 76, babu alikufa na 91, kwa hiyo mimi nitakuwa na 49. Niliposhtuka ninahesabu nini nikawasha taa. Sikulala tena. Kesho yake nilipomwamkia sikuweza kumtazama usoni.

Basi Jumapili ya pili ya Februari alikwenda misa ya kwanza. Mimi nilisema naumwa kichwa. Nikaazima msumeno wa mota, nikakata mikahawa 34 ya upande wa chini, kuanzia kwenye mringaringa mpaka mfongoni, usawa wa goti. Visiki nilipanga kuvichimba Jumatatu na Jumanne. Nilikuwa namalizia alipotokea pale kwenye kona ya zizi, kofia yake ya kanisani bado mkononi.

Hakupaza sauti. Alipita kisiki hadi kisiki, kila kimoja anaweka kiganja pale penye mkato, palikuwa bado na majimaji. Kwenye cha mwisho, karibu kabisa na mfongo, akasimama akaniuliza, "Huu unajua ulikuwa wa nani?" Nikasema sijui. Akaingia ndani.

Hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi nasema shikamoo baba, anapita. Chakula changu hagusi, anapanda mlima na fimbo yake hadi kwa kaka mkubwa kwenda kula, mzee wa presha. Kaka zangu wengine wananipigia kutoka Dar na Arusha kuniambia nimejitafutia laana. Katika miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyetuma hela ya mrututu.

Nifanye nini? Nichimbe visiki nimalize nilichoanza? Nirudi Dar? Au nimpelekee isale? Hapo ndipo penye shida yangu kubwa. Ukimpelekea mtu jani la isale umekiri kosa, na yeye hawezi kukukatalia msamaha. Nakiri kwamba nilikata kwa siri, na nilimdanganya naumwa. Lakini kukata kwenyewe mpaka leo sijakuona kuwa kosa. Sitaki kupiga magoti mbele ya baba yangu nikiwa na jani mkononi na uongo mdomoni.

FundiBomba

Mkuu, ondoka. Nakwambia kama mtu aliyeondoka.

Mimi nilikaa na mzee wetu Mwanza miaka saba baada ya wenzangu kuondoka. Nilikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na neno langu halikuhesabika hata kwenye kuchagua rangi ya mlango. Kaka yangu aliyekuwa Dodoma akipiga simu mara moja kwa mwezi, mzee anasimama kabisa kupokea, na analosema yeye linafanyika. Mimi niliyemwogesha mzee alipovunjika nyonga nilikuwa "huyu mtoto". Nikahamia Geita, nikaanza kutuma hela kidogo kidogo. Mwaka haujaisha mzee ananipigia kuniuliza tufanyeje kuhusu kisima.

Sikufundishi dharau. Anayekaa karibu na mzazi anazoeleka, na anayezoeleka hasikilizwi. Nenda hata Moshi mjini tu, panga chumba, rudi Jumamosi kama mgeni. Utashangaa.

BwanaShambaMstaafu

Kijana, kwanza weka jembe chini. Usichimbe kisiki hata kimoja.

Mkahawa haufi kwa kukatwa usawa wa goti. Ndivyo tulivyokuwa tunawafundisha wakulima kuhuisha mikahawa mizee: unakata baada ya mavuno, kabla ya masika, mvua ikinyesha shina linatoa machipukizi. Wewe bila kujua umekata wakati wake hasa. Umekosea kitu kimoja, kama ulikata bapa. Mkato unatakiwa uwe wa mshazari maji yateremke, la sivyo yanatuama juu na kisiki kinaoza kuanzia katikati. Kesho chukua msumeno wa mkono, rudia kila kisiki, upande ulioinama uelekee mteremko. Machipukizi yatakuja mengi kama nywele. Yakifika urefu wa kiganja chagua mawili, matatu kama shina ni nene, yaliyoshika vizuri na yasiyotazamana. Mengine yote yang'oe kwa mkono. Usihesabu mavuno msimu ujao, hesabu ule unaofuata.

Usidanganyike lakini. Chipukizi ni damu ileile ya shina. Kama mkahawa ni ule wa zamani, chulebuni itaurudia, na utaendelea kuhitaji mrututu kwa wakati wake. Ndiyo maana miche mipya ulifikiri sawasawa. Pale Lyamungo utafiti wa kahawa ulianza 1934, lakini aina zinazohimili magonjwa yote mawili, chulebuni na kutu ya majani, zilianza kutolewa rasmi 2005. Baba yako alipokuwa na nguvu za kupanda hazikuwepo. Piga hesabu ya nafasi zilizo wazi, anzia hapo, kabla hujagusa shina lingine.

Jambo moja nakuachia ulifikirie. Mzee wa umri wake Kibosho alifundishwa kukata na kuhuisha. Bwana shamba alipita kwake, nina hakika. Anajua kwamba visiki vile vinaweza kuchipua. Kwa hiyo kilichomuumiza si msumeno.

MwalimuMzee

Mwanangu, marahaba. Mimi nina miaka 74, ni wa Uru, jirani zenu. Nilifundisha shule ya msingi miaka 36 na kihamba changu kina mikahawa kama ya baba yako. Nimeandika na kufuta mara tatu.

Ninyi mnaiona kahawa ya kilo 61. Hiyo mnayoiona ni mabaki. Mimi nilizaliwa wakati chama chetu kina nguvu. Babu zetu waliunda umoja wao wa wakulima 1925, ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, 1933, na ilikuwa mali ya watu weusi wakati ambao mtu mweusi hakuwa na mali nyingine ya kujivunia. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazil, na miaka miwili iliyofuata bei ikapaa kote duniani. Nenda kaangalie nyumba za bati za Kibosho, Uru na Machame, uliza zilijengwa lini. Nyingi watakuambia 1977, 1978. Uliza na ya kwenu.

Lakini katika furaha hiyohiyo, 1976, serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Tuliamka asubuhi chama hakipo. Kikarudishwa baadaye kwa sheria nyingine. Julai 1989 mkataba wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaanguka kama jiwe, na hakuna aliyekuja kutuambia kwa nini. Miaka ya 90 wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, na dawa tuliyokuwa tunakopeshwa na chama tukaambiwa tukanunue dukani kwa fedha taslimu. Kila aliyekuja kubadilisha kitu alikuja na karatasi yenye hesabu nzuri, mwanangu. Ulipofungua lile daftari jioni ile, baba yako hakukuona wewe peke yako. Aliona foleni ndefu ya watu wenye karatasi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wazee tunaambiana kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na hatuwaambii ninyi. Nina rafiki, tulibatizwa siku moja. 2008 alimkabidhi mwanawe wa mwisho kihamba angali hai, kwa upendo, mbele ya ukoo. Kijana akauza kipande cha chini, aliyenunua akajenga ukuta. Kaburi la mke wa rafiki yangu liko upande wa pili wa ukuta ule. Akitaka kupalilia kaburi anazunguka barabarani, anabisha hodi kwenye geti la watu. Nyumbani kwake anakaa sebuleni anangoja aletewe chai. Tukimtazama, kila mmoja wetu anarudi kwake na kusema moyoni, mimi mpaka nife.

Hili si haki yenu. Najua. Na mimi ninaye kijana wa miaka 41 anayengoja. Niliposoma ulivyohesabu miaka usiku ule niliweka simu kifudifudi, nikakaa. Sijawahi kujiuliza kama wangu naye anahesabu.

Kuhusu isale. Jani hubeba kosa unalolitaja, halibebi lingine. Tafuta baba mdogo au mjomba ambaye baba yako anamheshimu, mtangulize, mchukue mbege, na ukifika taja mawili tu: nilikata nyuma ya mgongo wako, na nilikudanganya siku ya Bwana. Usitaje kilo. Usitaje parachichi. Siku hiyo hata akikuuliza mwenyewe, mwambie hayo tutaongea siku nyingine.

DadaWaKwanza

Nimesoma wote mlivyochangia, bwana shamba na mwalimu nimewaelewa sana. Lakini hakuna aliyerudia swali aliloulizwa kijana. Mzee aliuliza "huu unajua ulikuwa wa nani?" Hakuuliza ni mkahawa wa aina gani wala una miaka mingapi.

Mdogo wangu, umemuuliza nani? Una dada? Katika watoto sita sidhani kama wote ni wanaume, ila kwenye maelezo yako yote wako kaka tu. Wasichana ndio tuliochuma. Mimi ni mzaliwa wa kwanza nyumbani kwetu, nimechuma kahawa tangu sijaanza shule, kikapu kimefungwa kiunoni, na mpaka leo nakuambia shina gani lilikuwa linawahi kuiva. Mgomba hata mmoja sina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, nimeisoma kwa macho yangu. Nilipomtajia baba aliniambia sheria hiyo niende nayo huko nilikoolewa. Sikusemi wewe. Nasema ugomvi wa baba na kitinda mimba una watu wengi pembeni ambao hata hawakualikwa kugombana.

Mpigie dada yako. Atakuwa anajua.

MwanaKihamba

Nashukuru wote. Bwana shamba, nimerudia mikato yote kwa mshazari leo asubuhi. Baba alinitazama kutoka barazani, hakusema kitu.

Dada, ni kweli ninao dada wawili, na ni kweli sikuwataja. Nimempigia mkubwa, yuko Arusha. Nilipomweleza kwamba ni ile mistari ya chini, kuanzia mringaringani mpaka mfongoni, alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika.

Ilikuwa ya mama. Mwaka 1996 walikuwa wamegombana vibaya juu ya fedha za kahawa, maana malipo alikuwa anachukua baba peke yake chamani na mama hajui zimekuja ngapi. Mama akasema hachumi tena punje moja. Ndipo baba akamgawia mistari ile, akamwandikisha chamani awe mwanachama kwa jina lake, apokee mwenyewe. Dada anasema wanawake wa jirani walikuwa wanakuja kuona kitabu chake. Kahawa ile ndiyo iliyonilipia ada kidato cha kwanza mpaka cha nne. Na ule wa mwisho, wa mfongoni, aliupanda mama kwa mkono wake, mingine yote aliikuta.

Nimekuwa nikiuchuma miaka yote hii. Hakuna aliyeniambia. Nimelia sana, lakini nina hasira pia, sitaficha. Nitaheshimu vipi kitu ambacho hamjanionyesha?

MwalimuMzee

Hasira hiyo ni ya haki. Usiende nayo kwenye isale, lakini usiitupe. Itakuja siku ya kuisema.

MwanaKihamba

Wakuu, naleta mrejesho, ni miezi miwili na zaidi. Niwieni radhi kwa ukimya.

Nilikwenda na baba mdogo, Jumamosi jioni ya mwisho wa Machi. Nilikata isale pale kwenye mpaka wetu wa juu, masale yaliyopandwa kabla ya babu. Baba alikuwa barazani anachambua maharage. Baba mdogo akaongea kwanza, kwa Kichaga, maneno mengine ya zamani sikuyapata. Halafu mimi nikapiga magoti, nikataja mawili aliyonielekeza mwalimu. Nikaongeza la tatu ambalo halikuwa kwenye mpango. Nikasema, na ule wa mama sikujua.

Alilipokea jani. Akaliweka juu ya maharage kwenye ungo, akawa anayasukuma maharage pembeni kwa kidole kimoja mpaka jani likakaa peke yake. Akamwambia baba mdogo, si mimi: "Huyu hakujua. Kama hakujua, aliyeacha asijue ni nani?" Akanywa mbege, akanipa kata nami ninywe. Usiku ule alikula chakula nilichopika.

Asubuhi nilipomwamkia aliitikia, akasema chukua panga tuzunguke. Tulizunguka kihamba kizima tangu saa moja mpaka jua limepanda. Miaka 34 sijawahi kutembezwa hivyo. Huu babu yako aliupanda mwaka niliopata kipaimara. Huu ulitoka kwa padri. Huu haujawahi kuzaa vizuri lakini uko juu ya kitovu cha shangazi yako, usiuguse. Hapa ndipo kaka yako wa tatu alikozikwa. Nilijua tulikuwa na mtoto aliyefariki mdogo, sikujua ni wapi. Nimekuwa nafunga mbuzi pale.

Tulipofika chini akasimama kwenye mringaringa. Akasema kuanzia hapa mpaka mfongoni nakupa leo, si nikifa. Panda unachotaka. Kuanzia hapa kwenda juu ni kwangu, hapo ungoje. Nikasema nikuandikie? Akakubali. Baba mdogo aliandika kwenye karatasi ya daftari, baba akaweka sahihi, mimi nikaweka, na mjumbe akaweka. Kaka mkubwa amekataa kusaini. Anasema nimelipwa kwa kukosa adabu, na kwamba yeye alingoja mpaka akaoa. Hatusalimiani naye vizuri sasa hivi, na baba anaumia kwa hilo. Dada zangu nimewaambia mistari miwili ya mfongoni ni yao, kahawa yake wapokee wao. Mkubwa amesema atakuja Desemba tuongee. Baba nimemwambia, hajasema ndiyo wala hapana.

FundiBomba, nilikufikiria sana. Maneno yako yana ukweli. Ila nikiondoka nani atajua kukohoa kwake.

Miche mipya nimeagiza 40. Parachichi nimeacha kwanza, sina nguvu ya kuanza ugomvi mwingine mwaka huu.

Sasa nina swali kwa bwana shamba. Visiki 27 vimechipua vizuri sana, na baba ndiye anayepunguza machipukizi. Anashuka kila asubuhi na kigoda chake, anaacha mawilimawili. Pale nilipoacha matatu anaondoa moja bila kuniambia. Visiki saba havijatoa hata jicho moja. Mkato umekuwa mweusi katikati na ukibonyeza kwa kidole unaingia. Mimi nasema vimeoza tuvichimbe niweke miche mipya kabla masika hayajaisha. Baba anasema tungoje mpaka vuli. Kimoja katika hivyo saba ni kile cha mwisho, cha mfongoni. Kuna namna yoyote?

BwanaShambaMstaafu

Kama kidole kinaingia hadi pingili ya kwanza, sita vichimbe. Cha mfongoni fukua udongo taratibu kwenye shingo ya shina, chini kabisa, kwaruza ganda kwa ukucha. Ukikuta kijani, kata tena hapo penye uzima, funika kwa majani makavu ya mgomba, umwachie mzee mpaka vuli. Usipokuta kijani niambie kabla hujamwambia yeye.